Magoli 31: tuulize kwanza kabla ya kucheka



Juma hili tunaongea mpira. Tunajua wengine kati yenu watasema mpira ni mambo ya wababa na vijana. Lakini bulletini za watoto zinaanza kufika nyumbani, na katika nyumba nyingi kuna mtoto anayeficha yake chini ya godoro. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie, twende mbali kidogo, mpaka bahari ya Pasifiki, kwa ekipi moja ambayo dunia nzima iliicheka.

American Samoa ni visiwa vidogo kusini mwa bahari hiyo. Viko chini ya Marekani. Kisiwa kikubwa kinaitwa Tutuila, na hapo ndipo ulipo mji wa Pago Pago. Wakaaji wote hawafiki 60,000, yaani ni wachache kuliko wakaaji wa komini nyingi za miji yetu mikubwa. Tusichanganye visiwa hivi na Samoa, nchi jirani iliyopata uhuru 1962 na yenye mji mkuu Apia. Watu ni ndugu, lugha na desturi ni zile zile, lakini serikali ni mbili, na pasiporti pia ni mbili. Jambo hili la pasiporti mliweke akilini.

Huko American Samoa mpira wa miguu hauna nguvu sana. Vijana wanapenda zaidi mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kugongana, kwa sababu unaweza kumpatia kijana nafasi ya kusoma chuo kikuu Marekani. Hata hivyo visiwa hivi viliingia katika FIFA 1998, na mwaka 2001 ekipi yao ilikwenda Australia, katika mji wa Coffs Harbour, kutafuta nafasi ya kombe la dunia kwa mara ya kwanza.

Mechi ya kwanza, Fiji iliwafunga 13 kwa 0. Ya pili, ndugu zao wa Samoa waliwafunga 8 kwa 0. Tarehe 11 Aprili 2001 wakakutana na Australia yenyewe. Dakika za mwanzo golikipa wao, Nicky Salapu, alizuia mipira. Halafu mlango ukafunguka. Wakati wa mapumziko ilikuwa 16 kwa 0. Mshambuliaji mmoja wa Australia, Archie Thompson, alifunga magoli 13 peke yake, na mwenzake David Zdrilic akafunga 8. Magoli yalikuja kwa haraka mpaka wahesabuji wakapotea: ubao uliandika 32, kisha baada ya kuhakikisha wakasema ni 31. American Samoa walipiga shuti moja tu golini, dakika ya 86. Mwisho: 31 kwa 0. Mpaka leo hakuna mechi ya kimataifa ya wakubwa iliyoishia na tofauti kubwa kuliko hiyo.

Siku tatu baadaye Tonga iliwafunga 5 kwa 0. Mechi nne, magoli 57 yameingia, na wao hawakufunga hata moja. Magazeti ya dunia yaliandika namba hiyo, watu wakacheka, wakapita.

Sasa, wamama, tufanye kama mwalimu anavyopaswa kufanya mbele ya kazi iliyojaa wino mwekundu: tuulize namba ile ilitoka wapi.

Kabla ya mashindano, FIFA ilisema kwamba kila mchezaji wa American Samoa lazima awe na pasiporti ya Marekani. Katika kikosi cha watu 20 kilichokuwa kimetayarishwa, aliyetimiza sharti hilo alikuwa mmoja tu, Salapu. Viongozi wakageukia ekipi ya vijana wa chini ya miaka 20, lakini wengi wa hao walikuwa kwenye mitihani ya shule ya sekondari. Basi wakakusanya waliobaki. Watatu kati yao walikuwa na miaka 15. Kwa wastani ekipi ilikuwa na miaka 18 hivi, na wengine walikuwa hawajawahi kucheza mechi ya dakika 90. Upande wa pili walisimama wanaume wazima ambao mpira ndiyo kazi yao na mshahara wao.

Hapo ndipo tunaona kwamba 31 haikuwa pointi ya watoto peke yao. Ilikuwa pointi ya karatasi ambazo watu wazima hawakuzitengeneza mapema. Ilikuwa pia pointi ya mpango wa mashindano uliowatupa wadogo kabisa mbele ya wakubwa kabisa. Waaustralia wenyewe waliliona. Thompson, pamoja na kuvunja rekodi ya dunia, alisema mechi za namna hiyo hazina faida, na kocha wake Frank Farina akakubaliana naye. Katika mashindano yaliyofuata, ekipi ndogo za Pasifiki zilianza kucheza zenyewe kwa zenyewe kwanza. Australia nayo ilihama kwenda kucheza na nchi za Asia tangu 2006. Mpango ulirekebishwa. Lakini aibu ilikuwa imekwisha kubaki kwa vijana waliotumwa.

Sisi Wakongomani jambo hili tunalifahamu. Mwaka 1974, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, ekipi yetu ilikuwa ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika kombe la dunia. Yugoslavia ikatufunga 9 kwa 0. Kisha katika mechi na Brazil, Mwepu Ilunga alitoka kwenye ukuta akaupiga mbali mpira ambao Wabrazil walikuwa wanajitayarisha kuupiga. Dunia ikacheka miaka mingi, ikisema Waafrika hawajui hata sheria za mpira. Baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria aliijua vizuri sana. Wachezaji walikuwa hawajapewa pesa zao, na walikuwa wametishwa na watu wa serikali kuhusu magoli wasiyopaswa kupita. Waliocheka hawakuwa wamemwuliza.

Turudi kwa Salapu. Yeye alikuwa mtu mzima kati ya watoto wale, na magoli yote 31 yalipita karibu naye. Miaka kumi alibeba namba hiyo. Alihamia Marekani, katika mji wa Seattle, lakini popote alipotajwa, alitajwa kama yule aliyefungwa 31. Ekipi nayo iliendelea kushindwa, ikawa ya mwisho kabisa katika orodha ya FIFA. Mnamo Septemba 2009 tetemeko la nchi na mawimbi makubwa ya bahari yalipiga visiwa vyao, yakaua watu zaidi ya 30 pale American Samoa. Mtu angeweza kuwaambia: acheni mpira, mna shida kubwa kuliko hiyo. Hawakuacha.

Mwaka 2011 waliletewa kocha Thomas Rongen, mzaliwa wa Uholanzi anayeishi Marekani. Alikuwa na majuma matatu hivi tu. Katika muda huo hakuna anayeweza kumfanya mchezaji mdogo kuwa bingwa. Basi alifanya nini?

Kwanza, aliangalia alichonacho, bila matusi na bila kudanganya. Wachezaji walikuwa wanachoka upesi, akawafanyisha mazoezi magumu, maana pumzi inaweza kuongezwa hata kwa muda mfupi.

Pili, alimrudisha Salapu. Angeweza kutafuta golikipa mpya asiye na historia mbaya. Lakini alitaka yule yule aliyeumia asimame tena mlangoni. Ramin Ott naye, mwanajeshi katika jeshi la Marekani, alikuja kucheza na wenzake wa nyumbani.

Tatu, hakumweka mtu pembeni kwa sababu ya alivyo. Katika ekipi alikuwemo Jaiyah Saelua, ambaye ni fa'afafine. Kwa Wasamoa, hilo ni jina la mtu aliyezaliwa mwanamume lakini anayeishi kwa namna ya mwanamke, na kwa desturi zao ana nafasi yake katika familia na katika kazi za jamaa. Wenzake walimchukua kama dada. Kocha alimtazama anavyocheza ulinzi, akampanga tangu dakika ya kwanza.

Nne, na hili ndilo tunalotaka mlikumbuke, hakuwaambia kwamba watashinda kombe la dunia. Aliwaonyesha mlima wanaoweza kuupanda: mechi moja, na Tonga, ekipi ya kiwango kinachokaribiana na chao.

Tarehe 22 Novemba 2011, mjini Apia, Ott alifunga goli kabla ya mapumziko. Dakika ya 74 kijana Shalom Luani akaongeza la pili. Tonga ilirudisha moja dakika ya 88, na dakika za mwisho zilikuwa ndefu sana kwa Salapu. Alizuia. Filimbi ikalia: 2 kwa 1. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika mechi inayotambuliwa na FIFA, baada ya kushindwa mara 30. Siku mbili baadaye walitoka sare 1 kwa 1 na Cook Islands. Halafu Samoa iliwafunga 1 kwa 0 dakika za mwisho, na safari yao ikaishia pale. Hawakufika kombe la dunia. Lakini Salapu alirudi nyumbani na namba nyingine ya kuweka pembeni ya ile ya kwanza. Filamu mbili zimetengenezwa juu yao, moja 2014 na nyingine 2023.

Wamama, tumeeleza haya yote kwa sababu ya mtoto mwenye asilimia 34 katika bulletini. Sisi walimu tunaandika namba hiyo, lakini namba haielezi yote. Tunaomba kabla ya fimbo, kabla ya matusi, na hasa kabla ya kusema mbele ya majirani kwamba huyu hana akili, tuulize maswali matatu.

La kwanza: aliingia uwanjani na nini? Alikuwa na daftari? Alifukuzwa mara ngapi kwa sababu ya pesa za shule? Msichana aliyechota maji saa kumi na moja ya asubuhi, akabeba mdogo wake, akafika darasani mwalimu amekwisha kufuta ubao, anafanana na kijana wa miaka 15 mbele ya Australia. Asilimia nyingine katika bulletini yake ni zetu sisi watu wazima.

La pili: shida iko wapi hasa? Angalia somo moja moja. Mtoto anaweza kushindwa hesabu kwa sababu hakuelewa sehemu ya mwaka uliopita, au haoni ubao vizuri, na bado Kiswahili na Kifaransa anafanya vema. Njoo shuleni umwulize mwalimu wake. Usingoje uitwe.

La tatu: Tonga yake ni nani? Mtoto wa asilimia 34 tusimwambie awe wa kwanza darasani kama mtoto wa jirani. Tumwambie atafute 42 katika kipindi kinachofuata, na akiipata, tufurahi kwa sauti ile ile tuliyotumia kumkaripia. Kutoka hapo atajua kwamba inawezekana.

Hatusemi mtoto asihimizwe, wala hatusemi mvivu asiambiwe kuwa ni mvivu. Rongen alikuwa mkali sana kwenye mazoezi. Lakini ukali wake ulikuwa na njia ya kutokea. Ukali usio na njia unamfundisha mtoto kuficha bulletini tu, na kesho atajificha yeye mwenyewe.

Tunaogopa zaidi kwa mabinti. Mvulana akishindwa, mara nyingi familia inasema arudilie mwaka. Msichana akishindwa, tunasikia: aje tuuze naye sokoni, au kuna mtu ameuliza habari zake. Namba moja ya mwaka mmoja inakata maisha yote. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama Salapu alipewa miaka kumi na mlango ule ule, binti wa miaka 13 apewe walau mwaka mmoja.

Tunaomba kila kikundi, katika mkutano wa juma hili, kiweke dakika chache kwa jambo hili. Mama mwenye mtoto aliyeshindwa aseme bila haya. Mama ambaye mtoto wake anajua hesabu amtume jioni mbili kwa juma akasome pamoja na mwenzake. Na kama kuna msichana ambaye nyumbani kwao wanafikiri kumtoa masomoni, wamama wawili wanaoheshimiwa waende kuongea na wazazi wake kabla kipindi kipya hakijaanza. Likelemba inatufundisha kuchangiana pesa. Na subira pia tunaweza kuchangiana.

Salamu kwa watoto wote, walioshinda na walioshindwa. Tukutane juma lijalo.