Kisangani: mama akienda soko, mtoto anabaki na nani?

Tangu Septemba 2019, masomo ya shule ya msingi za Serikali ni bure katika inchi yetu, sawa vile kipengele cha 43 cha Katiba kinavyosema. Hapa Kisangani wazazi walishangilia, na madarasa yakajaa. Lakini pita asubuhi, saa tatu, katika mitaa ya Mangobo, Kabondo ama Lubunga: utakuta wasichana wa miaka nane, tisa ama kumi wako nyumbani, mtoto mdogo mgongoni. Wengine wanasoma kisha saa sita, ni kweli. Wengine hawataonekana darasani siku hiyo, na kesho vilevile. Hakuna mwalimu aliyewafukuza juu ya makuta. Wamebaki juu mama yuko soko, baba yuko barabarani na toleka ama moto yake, na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kubaki peke yake.

Kuchunga mtoto ni kazi, na kila kazi ina bei. Katika mji wetu, anayelipa bei hiyo mara nyingi ni msichana mkubwa wa nyumba. Anailipa kwa siku zake za masomo. Masomo ya bure hayawezi kumfikia kama hakuna mtu mwingine wa kumpokea mtoto mikononi mwake.

Mtu atasema: sheria za kusaidia wazazi ziko. Ndiyo, ziko, na ni nzuri. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama anayezaa majuma 14 ya mapumziko. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, ana haki ya nusu saa mara mbili kila siku. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inasema kasa ya CNSS ilipe msaada wa mimba, wa uzazi na wa watoto. Kwa ajili ya tawi hilo la familia, mwenye kuajiri anapashwa kutoa 6,5 kwa mia ya mishahara.

Lakini angalieni mlango wa kuingilia: ni mkataba wa kazi. Mama anayeuza sombe, makayabu ama ndizi hana patron, basi hakuna anayelipa kitu CNSS kwa jina lake. Anayelima shamba ng'ambo ya mto ni vilevile. Na hata yule mwenye mkataba, nusu saa ya kunyonyesha inamsaidia nini kama biro iko Makiso na mtoto yuko Lubunga? Akingojea pirogi tu, muda umekwisha. Haki hiyo inatembea vizuri pale mtoto yuko karibu na kazi. Ndiyo maana swali la pahali pa kuchungia watoto linakuja mbele ya mengine yote.

Wengi wanafikiri maternele ndiyo jibu. Maternele ni masomo, si nyumba ya kuchunga watoto. Inapokea mtoto kuanzia miaka mitatu, na karibu na saa sita watoto wanarudishwa, wakati soko bado imejaa wanunuzi. Tena bure iliyotangazwa ni ya shule ya msingi. Kwa maternele mzazi anaendelea kutoa makuta. Kwa mtoto mwenye miezi nane ama miaka miwili, kreshi ni chache sana, na zile chache ziko kwa wenye mshahara.

Zamani jibu lilikuwa koko, shangazi ama jirani. Hata leo wao ndio wanashikilia mji huu. Ila nguvu yao imepunguka. Koko naye anauza kitu kidogo mbele ya mlango ili apate chakula. Na tangu mapigano ya Wambole na Walengola yaanze Februari 2023 upande wa Lubunga, maelfu ya watu walikimbia nyumba zao. Mtu akikimbia anaacha nyumba na shamba, lakini anaacha pia wale majirani aliokuwa akiwaachia mtoto bila kuuliza mara mbili. Hasara hiyo hakuna anayeiandika kwenye liste ya misaada.

Kuna milango michache iliyo wazi, na wazazi wengi hawaijui. Kwenye kituo cha afya, CPS inapima uzito wa mtoto na kufuata chanjo zake mpaka miaka mitano. Pale mama anaweza pia kuuliza shauri. Kwenye komini, mtoto aandikishwe katika siku 90 kisha kuzaliwa, na ni bure. Bila karatasi hiyo, kudai haki yake kesho kutakuwa na shida. Mzazi aliyeachwa peke yake na mzigo anaweza kwenda kwa biro ya mambo ya jamii, DIVAS, ama kupeleka shida yake tribinali ya watoto. Na familia zinazochoka, kisha zinamwita mtoto « ndoki » ili zimtoe nyumbani, zijue kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu mashtaka hayo kwa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Watoto wengine tunaowaona wakilala inje walianzia pale: nyumba iliyokosa msaada, kisha neno moja baya.

Lakini milango hiyo haichungi mtoto kuanzia asubuhi mpaka magaribi. Kwa hilo, tunaona njia moja iliyo karibu: chumba cha watoto ndani ya soko zetu wenyewe. Si ndoto. Kule Accra, katika Ghana, wamama wa soko ya Makola wana kreshi karibu na meza zao. Burkina Faso ilijaribu kreshi zinazofuata wamama kwenye kazi za barabara. Inaomba chumba chenye hewa, maji safi, choo, mikeka, wamama wachache waliofundishwa, na daftari ya kuandika nani ameleta mtoto na nani anakuja kumchukua.

Makuta itatoka wapi? Wauzaji wanalipa etalaji kila siku, na wengi hawaoni inarudi namna gani. Sehemu yake ndogo, na mchango mdogo wa kila mama sawa vile wanavyofanya katika likelemba, vinaweza kuanzisha kazi. Hatari tunazijua: shirika linajenga, linapiga picha, linaenda, ama sanduku linaliwa. Kwa hiyo komite ya wauzaji ione hesabu kila mwezi, na wababa wawe ndani, juu mtoto si wa mama peke yake.

Edi ya bajeti ya jimbo inapigiwa kura kila mwaka. Wabunge wa Tshopo wanaweza kutia ndani yake mstari mmoja kwa soko moja ya kujaribia, kisha wahesabu kitu kimoja: wasichana wangapi wa mtaa ule wamerudi darasani.