Moto Haungoji Barua



Tarehe 12 Septemba 2011, huko Sinai karibu na barabara ya Lunga Lunga, petroli ilivuja katika bomba ikaingia mtaroni. Watu wakaenda na madebe kuteka. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Wako wasemao kuwa ulikuwa ujinga. Mimi nakataa: walijua petroli huwaka, na njaa nayo waliijua.

Kwetu relini, reli ikivunjika mtu hukimbia na bendera nyekundu kusimamisha treni, haulizi cheo. Mitaani kwetu nani atakimbia? Kila ploti ichague mtu wa filimbi, na njia ya gari la zimamoto isizibwe na kibanda, hata kikiwa cha shemeji yako. Filimbi si ghali. Tawi lizinunue mwezi huu.