Bei ya kwenye bango siyo bei ya intaneti yako

Leo naomba tuongelee intaneti ya nyumbani, maana kila wiki naona mtu anauliza "faiba ya bei nafuu ni ipi?" na watu wanajibu kwa kutaja namba moja tu. Elfu sitini. Elfu sabini. Tisini. Mimi nasema hilo swali lenyewe limekaa vibaya, na lilinigharimu hela.

Mwaka juzi niliona tangazo: sh. 70,000 kwa mwezi, bila kikomo. Nikapiga hesabu ya haraka. Mimi nauza nguo za watoto mtandaoni, napiga picha, naingia live mara tatu kwa wiki, bando la simu lilikuwa linakula kama 2,500 kwa siku. Mara siku 30 ni 75,000. Nikasema basi, nimeokoa elfu tano na intaneti haikatiki katikati ya live. Nikalipia.

Mwezi wa tano mama mwenye nyumba akapandisha kodi, nikahama. Ndiyo nikakaa chini na risiti zangu. Kumbe sikuwa nalipa 70,000. Nilikuwa nalipa 124,600 kwa mwezi, na hapo umeme na bando la akiba bado.

Ilikuwaje? Twende taratibu.

Kwanza, kodi. Ile 70,000 ilikuwa bila VAT, imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Kiwango cha kawaida cha VAT huku Bara ni asilimia 18, kwa hiyo ongeza 12,600. Tayari ni 82,600, na faida yangu ya elfu tano imeshakufa kabla hata fundi hajafika.

Pili, kuunganishwa. Waya kutoka kwenye nguzo hadi sebuleni na kazi ya fundi, 120,000. Hii unalipa mara moja, ndiyo maana watu hawaihesabu. Lakini hela ni hela. Ukikaa miezi mitano, umelipa 24,000 kila mwezi kwa ajili ya waya tu. Na waya hauhami na wewe.

Tatu, ruta. Nililipa 90,000. Siku ile nilimuuliza fundi, "Kaka, hii ruta ni yangu kabisa?" Akasema, "Ni yako dada, ila inafanya kazi na mtandao wetu tu." Nikacheka, sikuelewa uzito wake. Nilipohama, huko nilikohamia kampuni ile haina waya. Ruta ipo juu ya kabati mpaka leo, imekuwa pambo.

Sasa chukua 120,000 na 90,000, unapata 210,000. Gawa kwa miezi mitano, ni 42,000. Jumlisha na 82,600. Ndiyo hiyo 124,600.

Angalia kitu kimoja hapa. Ningekaa mwaka mzima, ile 210,000 ingegawanywa kwa 12, yaani 17,500 kwa mwezi, jumla 100,100. Ningekaa miaka miwili ingekuwa 8,750, jumla 91,350. Kampuni ni ile ile, ruta ni ile ile, kilichobadilika ni muda niliokaa. Kwa hiyo kabla hujaangalia kasi, jiulize: hapa nilipopanga nakaa mpaka lini? Kama mkataba wako wa nyumba umebaki miezi minne na mwenye nyumba ameshaanza kusemasema, faiba ya kulipia kuunganishwa siyo ya kwako kwa sasa. Tafuta ruta ya laini, ile unaichomoa na kuhama nayo.

Nne, umeme. Huu hakuna anayeutaja. Ruta inawaka usiku na mchana. Ikila wati 10, kwa masaa 24 ni uniti 0.24, kwa mwezi ni uniti 7.2. Zidisha na bei unayonunulia LUKU. Kwangu ilikuwa inakuja kama 2,500. Siyo nyingi, lakini ni oda moja ya soksi imeliwa faida. Na kama kiboksi cha faiba kipo peke yake na ruta peke yake, ni vifaa viwili hivyo, hesabu vyote.

Tano, akiba. Intaneti ya nyumbani ikikatika saa mbili usiku upo live na wateja 40, unafanya nini? Unawasha bando la simu. Mimi nilikuwa natenga 10,000 kila mwezi. Kuna siku hata akiba haisaidii. Mwezi wa tano 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mitandao mingi ilisuasua kwa pamoja. Hiyo huwezi kuizuia. Lakini kukatika kwetu kwa kila siku, watu wa barabara wamepitisha jembe kwenye waya au umeme umekata, bando linakuokoa.

Weka umeme na akiba juu, ongeza 12,500. Miezi mitano inakuwa 137,100 kwa mwezi. Mwaka mmoja 112,600. Miaka miwili 103,850. Hakuna hata mahali pamoja ambapo ni 70,000.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi msiweke intaneti nyumbani. Mimi nilikohamia nimeweka tena, ya kampuni nyingine, na sijutii, kwa sababu safari hii niliuliza kwanza. Live hazikatiki, picha zinapanda, mdogo wangu anasoma. Ninachosema ni kwamba kitu kinachokugharimu 112,600 ukikiita 70,000, hiyo tofauti ya 42,600 inatoka mahali. Inatoka kwenye mtaji. Halafu mwisho wa mwezi unajiuliza mbona nauza sana na hela siioni.

Kuna wadau wataniambia intaneti ni matumizi ya nyumbani, siyo ya biashara, kwa hiyo haiingii kwenye bei ya bidhaa. Nabisha. Kama unauzia humo, ni sawa na fremu. Aliye Kariakoo anajua kodi ya fremu yake mpaka shilingi ya mwisho na anaitafuta kwenye kila gauni. Sisi fremu yetu ni intaneti, tunaificha kwenye hela ya mboga.

Sawa, siyo yote ya biashara. Tugawe nusu kwa nusu, nyumba nusu na biashara nusu. Nusu ya 112,600 ni 56,300. Kama unatoa oda 100 kwa mwezi, kila oda inabeba 563. Unaweza kuipata bila mteja kushtuka. Kama unatoa oda 20, kila oda inabeba 2,815. Unauza kitenge faida elfu tatu? Umefanya kazi ya bure. Mwenye oda 20 abaki kwanza na bando, aongeze wateja, faiba haikimbii. Najua hii haipendezi kusikia, maana ukiwa na faiba unajiona umefika. Mimi nilijiona hivyo hivyo.

Jambo la mwisho, kasi. Tangazo linasema Mbps 20, wengi tunadhani ni MB 20 kwa sekunde. Siyo. Gawa kwa 8, unapata MB 2.5. Halafu uliza kasi ya kupakia ni ngapi, maana sisi wauzaji tunapakia kuliko kupakua. Kifurushi cha kupakua Mbps 20 kinaweza kuwa na kupakia Mbps 5. Video yako ya MB 100 hapo inachukua sekunde 160, karibu dakika tatu, na hiyo ni intaneti ikiwa katika hali nzuri. Na "bila kikomo" muulize: nikifikisha GB ngapi kasi inashuka? Wengine wanayo hiyo namba, ila hawakwambii mpaka uulize.

Kwa hiyo ukimpigia mtu wa mauzo, usimuulize "ni bei gani kwa mwezi". Muulize hivi, na uandike majibu:

1. Hiyo bei ina VAT ndani au nje?
2. Kuunganishwa ni ngapi, na waya ukizidi urefu naongeza ngapi?
3. Ruta ni ya kununua, ya kukodi au ya kurudisha? Inakubali mtandao mwingine?
4. Kuna mkataba wa muda? Nikitoka kabla nalipa nini?
5. Nikihama, kuhamisha ni ngapi, na mnafika wapi?
6. Nikichelewa kulipa mkakata, kurudishiwa kuna ada?
7. Kasi ya kupakia ni ngapi, na inashuka baada ya GB ngapi?

Akikujibu kwa mdomo, mwambie akutumie kwa meseji. Ukilipa, dai risiti na uitunze. Siku ya ubishi, meseji na risiti ndiyo zinaongea, wewe unakaa kimya.

Kampuni zingetaka zingeandika hii yote kwenye bango moja. Hawaandiki kwa sababu sisi hatuulizi. Leo usiku kabla hujalala, toa risiti zako, jumlisha kila ulichotoa tangu siku ya kwanza, gawa kwa miezi uliyotumia. Hiyo namba utakayoipata ndiyo bei ya intaneti yako. Kisha rudi kwenye bei ya bidhaa zako uone kama inabebeka.