MCHORO WA KWANZA SI TAKATAKA

Chama chetu kinataka kuchora mafahali wakipigana kwenye ukuta mzima wa bwalo: uwanja, umati, ngoma za isukuti na vilima vya Idakho kwa nyuma. Baadhi ya wenzangu wanasema ati tupande ngazi tuanze mara moja, kwani mchoro wa majaribio ni kupoteza rangi bure. Mimi nakataa katakata.

Mwingereza John Constable alipochora mkokoteni wa farasi ukivuka mto karibu na kinu cha babake, picha iitwayo The Hay Wain ya mwaka wa 1821, hakuparamia kazi. Kwanza aliichora yote upesi upesi kwa rangi ya mafuta, kwa ukubwa ule ule, upana unaokaribia mita 2. Katika mchoro huo kuna farasi mwingine ukingoni. Katika picha ya mwisho hayupo. Alijaribu, akatazama, akaamua. Leo mchoro huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Nani atauita takataka?

Sasa jameni, fahali akikaa vibaya kwenye kibao, tutamfuta kwa kitambaa. Akikaa vibaya ukutani, tutakula ugali tukimwangalia hadi kidato cha nne! Na rangi ya ukuta mzima si bei ya njugu.

Wahenga walinena, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Mlezi wetu na wanachama, tupeni wachoraji kibao kimoja na wiki mbili kwanza. Ukuta hautoroki.