Upepo wa Turkana, maji ya Rufiji na bei ya umeme Msalato

DODOMA. Bei anayolipa mkazi wa Msalato, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kila anaponunua umeme wa LUKU haibadiliki kwa saa wala kwa majira. Kwa viwango vya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) vilivyoanza Aprili 1, 2016, mteja wa kundi la D1, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kundi la T1 shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Upepo unaovuma kwa nguvu katika uwanda wa kati wakati wa kiangazi hauonekani popote katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, nyuma ya bei ya rejareja ipo bei ya jumla, yaani gharama ambayo shirika la umeme hubeba ili kupata kila uniti kabla haijafika kwa mteja. Bei hiyo ndiyo inayoamua, baada ya miaka kadhaa, kama viwango vya rejareja vitabaki, vitashuka au vitapanda. Upepo una nafasi ndani yake, na nafasi hiyo imeanza kuwahusu wakazi wa Dodoma tangu gridi ya Taifa ilipounganishwa na ya Kenya. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya nchini Kenya huvuka Namanga, hupita Arusha na kufika Singida. Hapo hukutana na njia ya Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, ambayo huhudumia makao makuu ya nchi kupitia kituo cha kupozea umeme cha Zuzu.

Katika nchi zenye soko la umeme la kila saa, athari ya upepo huonekana mara moja. Mitambo hupangwa kuanzia yenye gharama ndogo ya uendeshaji hadi yenye gharama kubwa, na mtambo wa mwisho unaohitajika ili kukidhi mahitaji ndio unaoweka bei kwa wote. Upepo hauna gharama ya mafuta, hivyo hutangulia. Unapovuma kwa wingi, mitambo ya gesi na makaa ya mawe husukumwa nje na bei hushuka. Unapotulia, mitambo hiyo hurudi na bei hupanda. Ujerumani ni mfano wa pande zote mbili. Mwaka 2024 soko lake lilikuwa na saa 457 ambazo bei ya jumla ilikuwa chini ya sifuri, maana yake mzalishaji alilipa ili umeme wake uchukuliwe. Mwaka huohuo, Desemba 12, siku isiyo na upepo wala jua la kutosha, bei ya saa moja ya jioni ilifika euro 936 kwa megawati-saa.

Mabadiliko hayo huwa makali kwa sababu ya tabia ya upepo wenyewe. Nguvu iliyomo katika upepo hulingana na kasi yake ikizidishwa yenyewe mara tatu. Upepo ukishuka kutoka mita nane hadi mita sita kwa sekunde, upungufu ambao mtu aliyesimama nje anaweza asiuhisi sana, nguvu inayopatikana hushuka chini ya nusu.

Afrika Mashariki hali ni tofauti. Umeme mwingi huuzwa kwa mikataba ya miaka mingi kati ya mzalishaji na shirika la umeme, kwa bei iliyokwisha kupangwa. Mradi wa Lake Turkana Wind Power huko Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na bei yake katika mkataba ni senti 7.52 za euro kwa uniti. Bei hiyo haishuki upepo unapozidi. Gharama kwa Taifa hutegemea jambo jingine: kama umeme huo unaweza kupokelewa unapopatikana.

Kenya ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mitambo ya Turkana ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kuusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilichelewa baada ya mkandarasi wa awali kutoka Hispania kufilisika. Umeme uliingia gridini Septemba 2018. Kwa kipindi cha katikati mkataba ulitaka mzalishaji alipwe fidia kwa umeme ambao angeweza kuuzalisha, na fidia hiyo ilifika mabilioni ya shilingi za Kenya. Hata baada ya njia kukamilika, changamoto ya usiku ilibaki. Wakati watu wamelala na mahitaji yameshuka, upepo wa Turkana na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria hushindania nafasi ileile, na sehemu ya mvuke huachiwa hewani bila kuzalisha umeme.

Kwa upande wa Tanzania, mshirika mkuu wa upepo ni maji. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingia gridini Februari 2024. Kukamilika kwake kumeifanya nguvu ya maji kuwa zaidi ya nusu ya uwezo wote wa uzalishaji nchini. Machi 2024 Serikali ilieleza kuwa baadhi ya vituo vya maji vimezimwa kwa muda kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Miezi michache kabla ya hapo nchi ilikuwa katika mgao. Mwishoni mwa mwaka 2022 pia, ukame ulipunguza maji katika vyanzo vya uzalishaji na mgao ukatangazwa.

Matukio hayo yanaonesha jinsi ya kupima thamani ya upepo katika nchi isiyo na soko la kila saa. Uniti moja ya upepo ina thamani ya kile inachookoa. Masika mabwawa yanapofurika, haiokoi kitu, kwa kuwa maji yatapita hata hivyo. Mwezi Oktoba, Bwawa la Mtera lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa linapopungua, uniti hiyohiyo huruhusu maji kubaki bwawani, yazalishe umeme Mtera kwanza, kisha Kidatu yanapoteremka. Kama maji hayo yangekuwa yamekwisha, nafasi yake ingejazwa na gesi asilia au, katika hali mbaya zaidi, mafuta. Kwa bahati njema, kalenda inasaidia. Mvua za uwanda wa kati hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na upepo huongezeka nguvu katika miezi ya kiangazi, wakati mabwawa yanashuka.

Uzoefu wa ndani bado ni mdogo. Mufindi mkoani Iringa ipo mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4. Singida na Makambako zimefanyiwa tafiti kwa miaka mingi na kutajwa mara kwa mara kuwa maeneo yenye upepo wa kutosha. Singida ina faida ya ziada: njia kuu ya kilovolti 400 tayari inapita huko, hivyo hatari ya mitambo kusubiri nguzo, kama ilivyotokea Turkana, ni ndogo zaidi.

Biashara ya kikanda nayo inakua. Suswa, unakofikia umeme wa Turkana, ndiko pia inakoishia njia kutoka Ethiopia yenye uwezo wa megawati 2,000. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja upotevu unaotokana na kuusafirisha umeme kutoka kusini. Umoja wa umeme wa kanda (EAPP), ulioanzishwa mwaka 2005, umekuwa ukiandaa soko la pamoja ambamo umeme utanunuliwa siku moja kabla ya kutumika. Soko hilo likishika kasi, usiku wenye upepo mwingi Turkana unaweza kuwa fursa ya kununua kwa bei nafuu na kuyaacha maji ya Rufiji na Ruaha yakusanyike kwa ajili ya jioni, wakati mahitaji yanapokuwa juu na bei ya kuuza ni nzuri. Lakini nchi isiyo na akiba ya maji siku upepo umetulia itakuwa mnunuzi kwa bei ya juu.

Kwa mwananchi wa Msalato, ambako Uwanja wa Ndege wa Kimataifa unajengwa na mahitaji ya umeme yanaongezeka, tangazo la mradi wa upepo lisomwe kwa maswali matatu. Je, mkataba unataka umeme ulipiwe hata usipopokelewa? Je, njia ya kuusafirisha itakamilika kabla ya mitambo? Na je, umeme huo utapatikana zaidi miezi ya kiangazi au ya masika? Megawati zinazotajwa katika tangazo hazitoshi kujibu hata moja kati ya hayo, na majibu yake ndiyo yatakayoonekana baadaye katika bei ya uniti.