MAITI HULIPIWA DENI KWANZA

Ndugu wafanyakazi,

Watu wakilitaja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki husifu eropleni zake. Husema lilianza Januari 1946 na eropleni sita ndogo, na kufika mwaka 1966 likawa na Super VC10 za kwenda London. Sawa. Sisi wa chama twauliza jambo jingine: wale waliozitengeneza, waliozipakia na kuzifagia, walipata nini shirika lilipokufa?

Lilikufa mwaka 1977. Kenya, Tanzania na Uganda ziligombana juu ya fedha na madeni, Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikawa na shirika lake. Eropleni, majumba na karakana zote zilipata wenyewe. Kiinua mgongo cha mfanyakazi hakikupata mwenyewe.

Hapa Mombasa kila mtu ajua sheria ya mirathi. Mtu akifa, hulipwa deni lake kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Mabwana wakubwa walifanya kinyume: walishika mali kwanza, deni wakaliacha nyuma.

Tazameni tarehe. Mapatano ya kugawa mali ya Jumuiya yalitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, miaka saba baada ya kifo. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Iliandikwa pia kwamba kila serikali iwalipe pensheni raia wake waliotumikia mashirika ya Jumuiya. Maandishi mazuri! Lakini wazee wa Tanzania, wa ndege, reli, bandari na posta, ilibidi waishitaki serikali yao, na suluhu ya mahakama haikupatikana mpaka mwaka 2005. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1977 alikuwa amefika 58. Wengine walikwisha kuzikwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wako watakaosema: hayo ni ya watu wa ndege, sisi wa Kilindini yatuhusu nini? Bandari yetu nayo ilikuwa chini ya shirika la Jumuiya hiyo hiyo. Watasema tena: ule ulikuwa ugomvi wa siasa. Je, Jetlink? Ilikuwa kampuni ndogo ya watu binafsi. Novemba 2012 ilisimamisha safari, ikisema fedha zake zimekwama Sudan Kusini. Hapakuwa na ugomvi wa serikali tatu, na kazi zilipotea vile vile.

Basi tusingoje mwajiri augue. Tudai angali mzima:

1. Fedha za pensheni zisichanganywe na fedha za kampuni.

2. Makato ya kila mwezi yafikishwe NSSF, na kila mwanachama aitake taarifa yake aikague mwenyewe.

3. Mapatano yoyote ya kuuza au kugawa mali yataje deni la wafanyakazi mwanzo, pamoja na tarehe ya kulipa.

Asiyetaka kuandika tarehe hana nia ya kulipa. Mwambieni hivyo mezani, wala msitie sahihi.

Umoja ni nguvu.