Hilo Halimo Kwenye Habari: Tunawafundisha Watoto Kusoma au Kuyatii Maandishi?



Kila mwaka kazi ya kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha hunifikisha katika shule ambazo wengi wetu tunaoandika kuhusu elimu hatuzijui. Safari ya karibuni ilinipeleka nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Ninaandika makala haya kwa sababu ya sentensi moja niliyoisikia huko kutoka kwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili.

Shule yenyewe ni ya kata, wilayani Kasulu. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninayoyaeleza yangeweza kutokea katika shule yoyote ya nchi hii. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili na mada ilikuwa ufahamu. Vitabu havikutosha, hivyo mwanachuo wangu alikuwa amenakili kifungu ubaoni kwa mwandiko mzuri. Kifungu kilisema kwamba misitu ya wilaya inatoweka. Kwamba wakimbizi walioko kambini hukata kuni kila siku. Na kwamba, kwa hiyo, wakimbizi watakaporudi makwao misitu itakuwa kama zamani. Yakafuata maswali tuliyoyazoea sote: toa maana ya maneno yaliyopigiwa mstari, eleza wazo kuu la mwandishi, andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano. Wanafunzi walijibu vizuri sana. Kama ningetakiwa kutoa alama papo hapo, nisingekuwa na sababu ya kumnyima mtu.

Nikaomba ruhusa ya mwalimu, nikauliza swali moja: "Je, mnakubaliana na mwandishi?" Darasa likanyamaza. Baada ya kitambo, msichana mmoja aliyeketi mbele akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hilo halimo kwenye habari."

Alikuwa sahihi. Jibu la swali langu halikuwamo ubaoni, na kwa miaka yote ya shule binti huyo amefundishwa kwamba jibu lisilomo kwenye habari si jibu.

Nikageuza swali. Nikauliza ni nani ambaye nyumbani kwao wanapikia kuni. Mikono yote ikapanda. Nikauliza nani amewahi kuona tanuri la matofali likichomwa, na nani anamfahamu mkulima anayekausha tumbaku kwa moto. Mikono ikapanda tena. Yule yule msichana akasimama: "Basi mwandishi hakuzitaja kuni zetu sisi." Kijana mmoja wa nyuma akampinga: "Lakini wao ni wengi, tena wamewekwa mahali pamoja." Huyu ndiye aliyenifurahisha zaidi, maana alikuwa amemtetea mwandishi kwa sababu ambayo mwandishi mwenyewe hakuitoa. Mwenzake akamuuliza, "Wengi kiasi gani? Nani amewahesabu?" Kengele ikalia kabla hajajibu.

Nisieleweke vibaya. Kifungu kile hakikuwa cha uongo. Kigoma imepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Kwamba miti hukatwa kuzunguka kambi hizo ni jambo ambalo mtu mkweli hawezi kulikana. Kasoro ya kifungu ni kule kuruka kutoka sababu moja hadi kwenye matokeo yote, kana kwamba wenyeji hawapiki wala hawajengi. Na katika wilaya ambazo suala la majirani hawa kubaki au kuondoka huzungumzwa sokoni, makanisani, misikitini na maofisini, mruko wa namna hiyo una uzito. Kijana anayeuvuka bila kuuona leo ndiye atakayeurudia kesho akiwa mwenyekiti wa kitongoji au mtumishi wa halmashauri.

Siku mbili baadaye nilikuwa Kibondo. Nilipokuwa nikimsubiri mwenyeji wangu katika ofisi ya kijiji, nilikaribishwa kusikiliza shauri la mpaka wa shamba mbele ya baraza la ardhi la kijiji. Baraza hili ni chombo cha kisheria: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo mvulana wa umri wa wale niliowaacha Kasulu. Alieleza kwamba mstari wa minyaa ndio mpaka tangu zamani. Mjumbe mmoja, mama wa makamo, akamuuliza taratibu: "Mwanangu, hiyo minyaa uliona ikipandwa, au uliambiwa?" Mvulana akafikiri kidogo, akajibu: "Hii ya juu nilimwona baba akiipanda. Ile ya chini niliambiwa na bibi." Mama akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Nilikumbuka darasa la Kasulu. Hapa palikuwa na mtoto anayetofautisha alichokishuhudia na alichokisikia, na mzee anayemfundisha kufanya hivyo bila kumdhalilisha. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Neno haliharibiki kwa sababu wazee hulipima: hutaka kujua nani alikuwapo, nani ana maslahi, na nani amenyamaza. Kwa hiyo si kweli kwamba vijana wetu hawana uwezo wa kuchambua hoja. Uwezo huo wanao, lakini wanauacha mlangoni mwa darasa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba karatasi nayo inaweza kuulizwa maswali kama shahidi.

Kwa nini wanauacha? Ninaona sababu tatu.

Ya kwanza ni heshima tuliyoyapa maandishi. Katika jamii ambamo maandishi yalifika pamoja na msahafu, Biblia, hati ya kodi na waraka wa serikali, kusema "imeandikwa" kulitosha kumaliza mjadala. Mtoto atabishana na mjomba wake kuhusu mpaka, lakini hatabishana na aya.

Ya pili ni mtihani. Tangu mtaala wa 2005 tunahubiri ujenzi wa umahiri, lakini mwalimu mwenye busara hufundisha kile kitakachoulizwa. Mtoto wa Darasa la Saba huchagua herufi na kuweka kivuli kwenye karatasi inayosahihishwa kwa mashine. Na sehemu ya ufahamu katika sekondari humtaka aonyeshe alichosema mwandishi, mara chache sana kama mwandishi amekithibitisha. Hatuwezi kumlaumu mwalimu mwenye wanafunzi sitini kwa kutofundisha kisicho na alama.

Ya tatu ni lugha. Mtoto wa Kasulu huanza maisha kwa Kiha, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akiingia Kidato cha Kwanza masomo yake karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mtu hawezi kuipima hoja katika lugha ambayo bado anatafuta maana ya maneno yake. Atakachofanya ni kuikariri. Ndiyo maana kipindi cha Kiswahili ni cha thamani kubwa kuliko tunavyokichukulia. Sasa limeongezeka somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili katika mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024. Masomo haya mawili ni mahali ambapo kijana anaweza kupima mambo kwa lugha anayoimudu. Tukiyageuza nayo kuwa ya kukariri, tutakuwa tumefunga mlango wa mwisho.

Ninayajua majibu nitakayopewa. Wapo watakaosema kwamba tutalea watoto wabishi wasioheshimu wakubwa. Hofu hii naielewa, lakini inachanganya mambo mawili. Mbishi hukataa kwanza, kisha hutafuta sababu. Mchambuzi hutafuta sababu kwanza, na mara nyingi huishia kukubali, ila anajua kwa nini amekubali. Kijana wa nyuma darasani alikuwa upande wa mwandishi, wala hakuna aliyemkosea heshima mtu yeyote. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika kijitabu chake cha "Tujisahihishe" cha mwaka 1962 aliwaonya wanachama wenzake dhidi ya tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeisema badala ya kutazama ukweli wake. Na katika "Elimu ya Kujitegemea" ya 1967 alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Sidhani kama kuna atakayesema alitaka kubomoa nidhamu.

Wengine watasema hakuna fedha wala vitabu. Ninachopendekeza hakihitaji fedha. Kwanza, kila kifungu cha ufahamu, hata kilichonakiliwa ubaoni, kiongezewe maswali matatu: mwandishi anadai nini? Ametupa nini cha kuthibitisha dai lake? Ni jambo gani linalohusika ambalo hakulitaja? Yule mama wa baraza la Kibondo angeyatambua maswali haya mara moja.

Pili, walimu watumie maandishi yanayowazunguka wanafunzi. Ripoti ya mapato na matumizi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ni somo zuri la hoja na ushahidi. Vivyo hivyo tangazo la mbegu, maoni ya gazetini, na ule ujumbe wa simu usio na jina la mwandishi unaomtaka kila anayeupokea ausambaze.

Tatu, na hili ni kwa ndugu zetu wa Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani: wekeni swali moja tu, katika upimaji wa Kidato cha Pili, linalomtaka mtahiniwa aseme kama ushahidi wa mwandishi unatosha na atoe sababu. Alama zitolewe kwa sababu, si kwa upande aliouchagua. Najua usahihishaji wake ni mgumu kuliko wa herufi, na mwongozo wake utahitaji watu makini. Lakini swali hilo likiwapo, kufikia muhula unaofuata litakuwa linafundishwa nchi nzima, kwa sababu ndivyo mitihani ilivyo na nguvu kwetu.

Watoto niliowaacha Kasulu watatimiza miaka 18 hivi karibuni. Wataingia mkutano mkuu wa kijiji, chombo ambacho sheria inakipa sauti katika ugawaji wa ardhi na ambacho hupokea taarifa za fedha za kijiji. Watasomewa karatasi. Mtu atasimama na kusema kwamba eneo fulani litolewe kwa mwekezaji, au kwamba shida zote za kijiji zimeletwa na kundi fulani la watu. Siku hiyo hakutakuwa na mkaguzi wa kutoka chuoni wa kuwauliza kama wanakubaliana na mwandishi. Itabidi wajiulize wenyewe, na yale yasiyomo kwenye habari ndiyo watakayohitaji kuyajua zaidi.

Kabla sijaondoka shuleni pale, mwanachuo wangu aliniuliza kama swali langu litampunguzia muda wa kumaliza mada. Nikamjibu kwamba litampunguzia. Aliniambia atalirudia kipindi kijacho hata hivyo, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakibishana hadi nje kuhusu idadi ya wakimbizi, na kijana yule wa nyuma alikuwa ameahidi kwenda kuuliza ofisi ya kata.